Nyongeza ya Jaji Wangu

Jumatano, 4 Machi

Siku ya kumi na tisa ya ndoa. Bado nikiamka natazama kwanza upande wa pili wa kitanda, kuhakikisha ni kweli. Ni kweli! Mke wangu ni Noriko Hamasaki, jaji wa mahakama ya Kaunti ya Almendra, na mimi, Delmar Fagundes, fundi wa matairi, ndiye ninayempigia pasi joho lake. Leo nimeacha mikunjo miwili tu.

Tumepata nyumba. Ya manjano, ina mlimau. Benki imekubali kutukopesha kwa sababu, juu ya mshahara unaolipwa na jimbo, kaunti yetu huwapa majaji nyongeza yake yenyewe: bima bora na fedha za kila mwezi. Kaunti jirani haitoi hata senti. Kaunti yangu inajua thamani ya mke wangu! Nusura nilie mbele ya mtu wa benki.

Ijumaa, 6 Machi

Balaa. Mkahawani leo alikuwepo Wendell Krogh, muuza pampu mstaafu, asiyekosa kikao hata kimoja cha baraza la kaunti. Ametangaza kwamba mwaka huu atafyeka matumizi yote ya kaunti. Kisha akanigeukia.

"Bwana harusi, umemwoa jaji au umeolewa na jaji?"

Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba nimeolewa, tena kwa bahati kubwa, na yeye je, nani angemwoa? Akageukia chai yake. Ushindi.

Nikaenda kusoma ajenda ya Jumanne kwenye ubao wa kaunti. Jambo la 14: kuendeleza nyongeza ya majaji. Mstari mmoja! Umebanwa kati ya ukarabati wa mtaro na dawa ya mbu. Hakuna hata neno la sifa. Na Krogh anakuja na panga. Lazima mtu amtetee Noriko.

Jumamosi, 7 Machi

Noriko amekataa nimtetee barazani. Amesema jaji habembelezi madiwani, na mume wa jaji pia habembelezi, na kwamba jambo hilo niliache lipite lenyewe. Unyenyekevu ulioje! Mtu wa namna hii hawezi kujitetea.

Nimeandika hotuba. Kila mwananchi hupewa dakika tatu. Yangu ni ya dakika kumi na moja, kwa hiyo nimeigawa kati yangu na wenzangu watatu wa timu ya mchezo wa bolingi. Sehemu ya tabasamu lake nimejibakizia mwenyewe.

Jumanne, 10 Machi

Karani wa baraza, Bi. Ofelia Bettencourt, alipokea kadi zetu nne za kuomba kusema, akazitazama muda mrefu. Akaniuliza kwa kunong'ona kama nina hakika. Akaeleza kwamba jambo la 14 limo kwenye orodha ya mambo ya kawaida, yanayopitishwa yote kwa kura moja, bila mjadala. Bila mjadala! Yaani bila neno moja jema juu ya mke wangu! Nikasema nina hakika kabisa. Akaniuliza tena. Nikajua Krogh ameshamvuta upande wake.

Krogh mwenyewe alikuwa kiti cha mbele, amelala, kidevu kifuani. Mwenyekiti akasoma orodha, la 3 mpaka la 27, akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama. Ikabidi la 14 litolewe kwenye orodha lijadiliwe peke yake. Peke yake! Kifua kilinivimba mpaka kifungo kikaruka.

Nilisema vizuri sana. Ili watu wauone ukarimu wetu, nikataja kiasi: dola laki tatu kwa mwaka kwa majaji wote. Nikakitaja mara mbili, kwa sauti.

Hapo Krogh akaamka.

Akaomba dakika tatu zake. Akauliza kwa nini tuwaongezee watu wanaolipwa na jimbo ilhali mtaro umebomoka. Kisha, kwa upole wa kuudhi: "Ahsante, bwana harusi. Miaka sita hili limekuwa likipita nimelala."

Madiwani watatu wana uchaguzi mwezi wa Juni. Kura: watatu kwa wawili. Nyongeza imefutwa, itakoma baada ya siku mia na themanini. Wenzangu wa bolingi hawakusimama hata mmoja; sehemu zao zilibaki mifukoni.

Jumatano, 11 Machi

Noriko ameipigia benki simu mwenyewe kuwaeleza, kabla hawajauliza. Mwaminifu kiasi hicho! Nyumba ya manjano imetutoka.

Akaketi kitandani, viatu mkononi. "Delmar, mume wangu. Ilikuwa inapita."

Nikamwambia ndiyo, lakini ingepita kwa heshima gani? Akanikazia macho kama anavyomtazama mshtakiwa anayemhurumia. Machozi yakamtoka, kisha akacheka, kisha yote mawili pamoja. Ameniapisha nisikanyage tena ukumbi wa baraza. Nimeapa, mkono wa kulia juu. Anaapisha vizuri kuliko jaji yeyote katika jimbo hili.

Ijumaa, 20 Machi

Ajenda mpya imebandikwa. Jambo la 9: lami mpya kwenye maegesho ya majaji. Limo kwenye ile orodha ya kimyakimya. Mstari mmoja! Hakuna anayesema ni nani anayeshuka hapo kila asubuhi.

Kiapo ni kiapo, ukumbini sitakanyaga. Lakini kumbe siku hizi mwananchi anaweza kusema barazani kwa simu. Nimejiandikisha. Dakika tatu. Nitaanza na jinsi Noriko anavyoliingiza gari kinyumenyume.