Leseni Moja Yawatosha Watu Sita

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Shangazi, dada wa marehemu baba na mwenye karakana hii ya kushona nguo za harusi, ametangaza mbele ya wote kwamba daftari la vipimo linastaafu. Miaka kumi na tisa limetumika. Jalada limetafunwa na mende, kurasa zimejaa alama za vidole vyenye mafuta ya cherehani. Sasa vipimo vya wateja vitakaa mtandaoni, kwenye huduma ya wingu, na kila mmoja wetu atavisoma kwenye simu au kompyuta. Kazi ya kuvihamisha nimepewa mimi. Mimi! Katibu wa karakana, mtu wa kalamu.

Halafu akaongeza, kama anayeagiza uzi, kwamba duka la pili linafunguliwa mwisho wa mwezi na anatafuta msimamizi mwenye kichwa kinachofanya kazi. Nikainamisha uso kwa unyenyekevu. Inchi naye akainamisha. Inchi ni fundi wetu wa kukata, anaitwa hivyo kwa sababu hajawahi kukosea hata moja. Mwanamke wa maneno machache. Anaringa kimyakimya, na huko ndiko kuringa kubaya kuliko kote.

Duka lile ni langu. Damu nzito kuliko maji.

Shajara hii nimeificha chini ya boksi la vifungo vyeusi. Karakana ya harusi, nani atatafuta vifungo vyeusi? Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumanne, 4 Machi

Nimepiga simu kwa kampuni ya hiyo huduma. Dada wa mauzo, sauti tamu, akanieleza kwamba leseni ni ya mtu mmoja na hulipiwa kila mwezi. Tuko sita: Shangazi, Inchi, mafundi watatu wa cherehani na mimi. Kwa hiyo leseni sita. Akasema nifikirie kiti, watu sita hawawezi kukalia kiti kimoja. Nikamwambia hajaiona familia yetu kwenye picha.

Nimenunua moja! Kwa jina langu, na picha yangu ile ya tai nyekundu. Neno la siri nimeliandika kwa chaki ya fundi nyuma ya mlango ili kila mtu aingie nalo. Shangazi atakapojua nilivyobana matumizi yake, atanikabidhi funguo za duka huku analia. Kidole kimoja hakivunji chawa, basi na leseni moja itumiwe na vidole sitini.

Kulikuwa na masharti ya matumizi, kurasa arobaini na moja. Nikabonyeza Nakubali. Inchi akaomba ayasome. Nikamwachia. Mwenye nafasi na asome, sisi wengine tuna kazi.

Jumatano, 5 Machi

Kuchapa kutwa nzima. Wateja mia tatu na kumi na wawili! Nimeamuru kila kitu kihamishwe bila kuacha nukta: majina, simu, kifua, kiuno, nyonga, na ile safu ya pembeni ya Maelezo ambayo Shangazi huijaza kwa mkono wake. Mafundi walikuwa wakichapa huku machozi ya kicheko yanawatoka. Kwa mfano, mpambe mmoja: "Huvuta pumzi akipimwa. Usimwamini. Ongeza inchi mbili." Bwana harusi mmoja: "Mabega hana. Mshonee." Na Mama Harusi, mteja wetu mkubwa kuliko wote, anayemwoza binti yake mwezi ujao na ametuagiza nguo za ukoo mzima: "Anasema amepungua. Tepu haina habari."

Inchi akaja na uso wake wa hotuba ya Ijumaa. Akasema safu ya Maelezo tuiache kwenye daftari. Kwamba mteja ametupa kiuno chake tumshonee gauni, hakutupa tukitembeze. Kwamba vipimo ni mali ya mwenye mwili, sisi tumewekeshwa tu. Na tena, akasema, kila kinachochapwa kinaonekana kimeandikwa na mimi, maana akaunti ni yangu.

Nikamwambia hiyo ndiyo raha yenyewe. Wivu huo! Maandishi mia tatu na kumi na mawili, na kando ya kila moja tai yangu nyekundu. Shangazi akifungua ataona nani anafanya kazi hapa.

Alhamisi, 6 Machi

Tatizo dogo. Kila mtu akiingia kwenye akaunti, huduma inatuma namba ya kuthibitisha kwenye simu yangu. Fundi wa kwanza alinipigia nikiwa chooni. Wa pili nikiwa kwa kinyozi, wembe shingoni. Nikamsomea namba kwa sauti na kinyozi akasimamisha kazi, akiamini ni ya benki. Nusu ya kichwa changu ilisubiri hadi nilipomaliza.

Nikapata dawa. Simu yangu nimeitundika karakanani kwenye msumari, kando ya pasi. Anayetaka namba ajisomee.

Saa sita mke wangu akatuma ujumbe nisisahau kununua dawa ya kuvu ya vidole vya miguu, na safari hii nipake kweli. Saa sita na dakika moja karakana nzima ilikuwa inazijua habari za vidole vyangu. Fundi mmoja aliniuliza kwa huruma kama ni mguu mmoja au yote miwili. Mwingine akasogeza kiti.

Nimekasirika! Nimewakusanya nikawahutubia robo saa. Mambo ya mwili wa mtu ni siri yake! Kuyasoma bila ruhusa ni utovu wa adabu! Inchi aliniangalia, kisha akaliangalia daftari la vipimo. Nadhani yalimwingia.

Ijumaa, 7 Machi

Huduma imenitumia onyo jekundu. Eti akaunti ya mtu mmoja inatumika sehemu sita kwa wakati mmoja, na kila mtumiaji asipopata leseni yake itasimamishwa. Wambea.

Lakini mimi si wa kukamatwa kirahisi. Nimechokonoa kwenye mipangilio nikakuta kito: "Yeyote mwenye linki anaweza kusoma." Yeyote! Bila leseni, bila neno la siri, bila namba. Nikabonyeza. Mafundi wote wametoka kwenye akaunti na sasa wanasoma vipimo kwa linki tu, laini kabisa. Kwa nini watu hununua leseni?

Mchana Mama Harusi akapiga simu, anataka kuhakikisha vipimo vya wapambe wanane kabla hatujakata kitambaa. Inchi akasema aje nao wapimwe upya. Ushamba! Nikamtumia linki ajionee mwenyewe. Akafurahi, akasema karakana yetu imeendelea, akasema ataituma kwenye kikundi cha harusi ili kila mpambe aangalie vyake. Nikamwambia karibu sana mama, asitume tu kwa wapambe, atume kwa wote!

Nimelipima kwa macho dirisha la duka jipya. Picha yangu itaenea vizuri pale.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeula wa chuya.

Kikundi cha harusi kina watu tisini na wanne. Linki haikuwaonyesha vipimo vya wapambe peke yao. Iliwaonyesha wateja wote mia tatu na kumi na wawili, na simu zao, na safu ya Maelezo kwa herufi nene. Kufikia saa mbili asubuhi bwana harusi alikuwa amejifungia chumbani na mabega yake.

Saa tatu Mama Harusi alisimama mlangoni, wapambe nyuma yake wamejipanga. Hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Alisoma kwenye simu, polepole, neno kwa neno: "Anasema amepungua. Tepu haina habari." Kisha akageuza simu nikaiona tai yangu nyekundu. Akasema, "Mwanangu, mimi nilivua nguo mbele ya tepu yenu, sikuvua mbele ya watu tisini." Mpambe mmoja alikuwa analia. Si wa kuvuta pumzi, yule mdogo, ambaye Maelezo yake yanataja kovu la upasuaji. Hakuwa amemwambia mtu. Hapo niliona aibu, naandika kweli.

Nikafungua mdomo niseme kwamba maneno si yangu, ni ya Shangazi, mwandiko wake uko kwenye daftari. Shangazi akakohoa. Nikaufunga mdomo.

Nikakimbilia kompyuta niifunge ile linki. Akaunti imesimamishwa kwa kukiuka masharti! Mimi siwezi kuingia, ulimwengu mzima unaweza. Nikachomoa waya wa umeme ukutani. Cherehani zote zikazima, linki ikabaki wazi.

Inchi akaomba simu. Akasema ukurasa wa ishirini na nane wa masharti una namba ya dharura kwa taarifa za wateja zilizovuja. Dakika nane, ikafungwa. Halafu akamshika mkono yule mpambe mdogo, akampeleka nyuma ya pazia, wakakaa huko muda mrefu.

Nyumbani mke wangu alikuwa ananingoja na simu yake. Kumbe naye yumo kwenye kikundi. Alinisomea Maelezo yake mwenyewe, ya siku alipopimwa gauni la harusi yetu: "Mke mzuri. Alistahili bora zaidi." Chini yake, tai yangu. Akasema tangu tuoane hatujawahi kukubaliana jambo moja hivi.

Jumatatu, 10 Machi

Hukumu. Shangazi ametuita wote. Akamwuliza Inchi tufanyeje. Inchi, bila hata karatasi: kila mtu anunuliwe leseni yake, ili ijulikane nani ameandika nini. Kila mmoja aone kinachomhusu tu. Safu ya Maelezo ifutwe, Shangazi aiweke kichwani mwake. Na kila mteja apigiwe simu aambiwe wazi kilichovuja, nani amekiona, na kwamba kimefungwa.

Mama Harusi amekubali kubaki. Kwa sharti moja: familia yake ipimwe upya na Inchi, nyuma ya pazia, na vipimo vifutwe harusi ikiisha.

Duka la pili amepewa Inchi.

Imeniuma. Sifichi, imeniuma mno. Niliingia stoo nikakaa juu ya marobota ya kitambaa hadi saa ya chakula. Shangazi akanifuata, akanipiga bega, akaniambia nilifanya vizuri kumeza lile neno siku ya Jumamosi. Halafu akanikabidhi orodha ya simu mia tatu na kumi na mbili.

Jumatano, 12 Machi

Nimeomba radhi kwa watu mia moja na kumi na tisa. Sauti imekauka. Bwana mmoja alisema hakuwa ameisikia habari yenyewe, sasa anataka aambiwe aliandikiwa nini. Nikamwambia. Kosa.

Leseni sita zimewasili. Inchi ameweka picha ya mkasi kwenye akaunti yake, Shangazi picha ya cherehani. Mimi mtumiaji wa kawaida. Inchi pia amepanga kwamba faili lolote jipya likiingia kwenye folda za karakana, simu ya kila mtu inalia papo hapo, ili jambo kama lile lisijirudie. Kelele tupu! Yangu nimeizima.

Ijumaa, 14 Machi

Nimejifunza mengi wiki hizi mbili. La kwanza: boksi la vifungo si salama. Jana fundi mmoja alilipekua akitafuta vifungo vyeusi. Nani anaoa kwa vifungo vyeusi? Nusura aione shajara. Kwa hiyo leo nimekaa nikaichapa yote kwenye wingu, kuanzia tarehe tatu, na hapa ndipo ninapoandikia sasa. Huduma iliniuliza kama folda iwe ya "Mimi peke yangu," lakini hiyo ilidai nitengeneze folda mpya, na kulikuwa na maandishi ya kusoma. Nimeiweka kwenye folda ya karakana iitwayo Mapazia. Hatushoni mapazia. Nani ataifungua? Nakubali, Nakubali, tayari.

La pili: mkononi nina karata na Inchi hana. Maelezo yale ni ya Shangazi, na daftari lenye mwandiko wake nimelichukua juzi, liko nyumbani chini ya godoro upande wa mke wangu. Jumatatu nitamwendea Shangazi kwa heshima zote. Nitamwambia ingekuwa vibaya Mama Harusi akiuona mwandiko ule. Nitatazama dari. Atanielewa. Kufika Jumanne Inchi amerudi kwenye meza yake ya kukatia na funguo za duka ziko mfukoni mwangu. Hakuna anayeujua mpango huu isipokuwa mimi na ukurasa huu.

Huduma nzuri hii, lazima nikiri. Hata mapambo inaweka yenyewe. Hapo juu ya ukurasa, tangu nianze kuandika aya ya pili, vimetokea viduara viwili vya rangi. Kimoja kina mkasi, kingine kina cherehani. Vinapendeza sana.