Betri Chini ya Meza ya Rozari

Jumanne, 6 Oktoba 1998

Nimechelewa tena kazini. Foromani hakufoka. Ameniita pembeni, akasema kuanzia Jumatatu zamu yetu pale kiwandani Jacobs itaanza alfajiri, na nikichelewa hata mara moja nisihangaike kuvua koti. Taxi, yaani daladala za huku, hazipo Umbilo alfajiri. Kwa hiyo kibarua changu kitaota nyasi Jumatatu.

Lakini ninayo pikipiki! Iko kwenye gereji ya Mama Godelive, mwenye nyumba wetu. Tatizo ni betri tu. Imekufa. Nikibonyeza swichi, kimya.

Serge wa chumba cha pili anayo chaja ndogo. Serge ni Mkongo, anauza simu Umbilo Road, na alisomea umeme Lubumbashi. Hilo la Lubumbashi analisema kila siku, hata akichemsha chai. Ameniambia ataniazima chaja nikimwomba vizuri. Mtu aliyeiita pikipiki yangu jeneza mbele za watu! Simwombi. Afadhali nitembee.

Jumatano, 7 Oktoba

Nimekwenda sokoni Warwick kwa Yeremia, mtu wa kwetu Tarime, anayechaji betri za taxi chini ya daraja. Kanipa chaja kubwa hadi Jumamosi. Imetengenezwa kwa ajili ya malori. Ametoa maelezo marefu: eti kwa betri ndogo ni hatari, eti nifungue milango, nilegeze vifuniko, nisiwe na moto karibu, nisiondoke. Nimeitikia kwa kichwa. Nilikuwa nawaza jinsi ya kuibeba.

Mgongo umekwisha. Ndani ya taxi wamenitaka nilipie viti viwili, kimoja cha chaja.

Nyumbani Mama Godelive ametangaza kwamba Ijumaa jumuiya inakuja kwetu. Ni mwezi wa rozari. Sanamu ya Bikira Maria inahama nyumba kwa nyumba, na watu wanaifuata. Sebuleni hawatoshi, kwa hiyo wanasali gerejini. Amesema pikipiki isogezwe ukutani, na asisikie harufu ya petroli, ya mafuta, wala ya kitu chochote changu.

Chaja nimeificha chini ya kitanda.

Alhamisi, 8 Oktoba

Mama alitoka, nikaanza. Nimefunga mlango wa gereji na dirisha ili harufu isimfikie jikoni. Halafu nikapata wazo zuri zaidi: nimekaza vifuniko vyote vya betri. Harufu itatokea wapi? Kuna watu wamesoma hadi Lubumbashi na hawajafikiria hilo.

Nimeunganisha. Cheche! Tone moja la maji makali limerukia suruali ya kazi. Sasa ina tundu linaloonyesha goti.

Serge akachungulia dirishani bila kuitwa. Akaanza: "Mon frère, hii chargeur iko ya camion! Fungua mlango, betri iko natoa gaz. Na ukimaliza, zima kwanza ku ukuta, kiisha utoe waya." Nikamjibu kwamba mimi nimekulia kwenye betri. Ni kweli. Redio ya baba ilitumia betri. Nilikuwa naibeba.

Mama akarudi mapema. Nimezima, nimeficha. Betri bado haijajaa. Nimechoka, na sijafika popote.

Ijumaa, 9 Oktoba

Ngoja niandike hili kwa utaratibu, ingawa mikono inawasha.

Siku zilikuwa zimebaki chache, na gereji ingejaa watu hadi jioni. Mama alikuwa ameweka meza ya sanamu karibu na soketi, na juu yake kitambaa cheupe kirefu kinachofika hadi chini. Mtu yeyote mwenye akili angeona nilichokiona. Betri na chaja zikaingia chini ya meza. Nikawasha. Nani atamfunua Bikira Maria?

Watu wakaja. Mama Goreth, kiongozi wa jumuiya, akaongoza rozari. Mimi nilipiga magoti mbele kabisa, ubavuni mwa meza, hata Mama Godelive akanitazama kwa upole. Hajawahi kuniona nikisali.

Kwenye tendo la pili la rozari nikasikia kitu kinachemka kama maharage. Kwenye tendo la tatu meza ikaanza kunuka mayai viza. Mama Goreth akamtazama mzee aliyekuwa nyuma yangu, mzee akanitazama mimi. Kwenye tendo la nne nikaona nisingoje. Nikaingiza mkono chini ya kitambaa na kuvuta waya.

Ukutani sikuzima. Ningezimaje nimepiga magoti?

Paa! Betri ikapasuka.

Sanamu ikayumba. Serge akaruka na kuidaka, kwa mikono miwili, kama aliyekuwa anangoja nafasi hiyo tangu Lubumbashi. Watoto wakalia. Mama Goreth hakukatisha Salamu Maria hata kidogo, alipandisha sauti tu. Hakuna aliyeumia, meza ilizuia. Serge akanishika kama mtoto, akanimwagia maji mikononi ndoo nzima, akamwaga magadi sakafuni, akafungua mlango wazi. Mbele za watu wote. Nilikasirika sana.

Halafu nikakiona kitambaa. Kilikuwa kinatoboka tukikitazama, tundu baada ya tundu. Mama Godelive hakupiga kelele. Alikikunja taratibu, akasema, "Mama yangu alishonaka hii," basi. Ndicho kitu pekee alichotoka nacho Bukavu. Alikimbia na watoto wawili na kitambaa hicho.

Ningependa angenitukana. Nimelala bila kula. Roho inaniuma kweli.

Jumamosi, 10 Oktoba

Mama kaniambia kwa sauti ya kawaida: akisikia tena harufu ile, nitafute pa kulala. Sio hasira. Amechoka, anasema. Nimemwambia hata mimi.

Nimekwenda Warwick kumnunulia kitambaa kingine. Cheupe, kirefu, kina maua pembeni. Hakifanani na kile, najua. Nitampa akipoa. Kwa Yeremia sikupita, kwa sababu angeniuliza habari za chaja, na sikuwa na nguvu ya kueleza.

Niliporudi nilimkuta Serge gerejini. Ameleta betri iliyotumika kutoka kwa rafiki yake. Ameiweka juu ya matofali karibu na mlango, mlango wazi, vifuniko vimelegezwa, na chaja yake ndogo inaunguruma polepole. Amevaa miwani! Sikumwomba. Anasema anafanya kwa ajili ya Mama, asije akampoteza mpangaji. Nilisema asante, shingo upande. Akasema niisubiri hadi kesho. Hadi kesho! Chaja ya mwanaume haichukui siku nzima.

Jumatatu, 12 Oktoba

Imewaka!

Alfajiri Umbilo yote imenisikia. Nimefika Jacobs kabla ya foromani mwenyewe. Ametazama saa, akanitazama mimi, akasema sharp, yaani safi. Sharp! Tangu niajiriwe hajawahi kuniambia neno hilo.

Nimeegesha pikipiki mbele ya geti ili kila mtu aione. Taa kubwa nimeiacha inawaka, wasije wakadhani ni jeneza.

Jumatatu hiyohiyo, jioni

Imewaka zamu nzima. Ile taa.

Nimeisukuma kutoka Jacobs hadi Umbilo. Kuna vilima ambavyo mtu hawezi kuviona akiwa ndani ya taxi. Miguu siisikii.

Serge amekwenda Pietermaritzburg na chaja yake, atarudi Jumatano. Foromani ananitegemea kesho alfajiri. Mama yuko jikoni anapika sombe, kisamvu cha kwao, na leo amenisalimia vizuri, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Nimefikiri sana kosa la Ijumaa lilikuwa wapi. Ilikuwa ile meza. Na ile rozari, ndefu mno, mtu unavuta waya kwa haraka. Leo hakuna meza wala rozari.

Chaja ya Yeremia ilinusurika Ijumaa, nikairudisha chini ya kitanda. Nimefunga mlango wa gereji, nimefunga dirisha, nimekaza vifuniko vyote vizuri kuliko siku ile, nikawasha. Harufu kidogo ilikuwa bado inapita, basi nimekitoa kile kitambaa kipya cha Mama kwenye mfuko wake na kuifunika betri. Nitakiondoa kabla hajajua. Ni kwa saa mbili tatu tu.