Vita vya Kochi la Buluu na Kucha za Mheshimiwa

Sogeeni, enyi waungwana, nanyi msio waungwana pia sogeeni, maana habari hii ni kubwa na sebule yetu ni ndogo! Zimeni redio, nyamazisheni simu, niwasimulie jinsi baba yangu mzazi, Fundi Makochi, Bwana wa Sponji, Mla Misumari (kwa kuwa akipigilia kitambaa huibana misumari midogo midomoni kama mtu anayetafuna karanga), alivyoingia vitani na paka, na jinsi ambavyo kwa muda mrefu paka ndiye aliyekuwa mbele.

Jueni kwanza kwamba shujaa wetu, alipofunga karakana yake na kustaafu, aliunda kochi moja la mwisho, la mahameli ya buluu, akamzawadia Mama. Tangu siku hiyo sisi wana wa nyumba tulikaa sakafuni, kwa heshima ya kochi. Kisha dada akaleta paka. Tunaishi ghorofa ya nne, na chini ni barabara ya malori, kwa hiyo paka hatoki. Baba alitangaza kwamba hapendi paka. Alitangaza hivyo kila asubuhi, huku paka kalala mapajani mwake, wawili hao wakibaki peke yao nyumbani hadi jioni. Akamwita Mheshimiwa, kwa sababu hafanyi kazi yoyote na akiamka lazima watu wampishe.

Naye Mheshimiwa, katika fahari yake, akachagua choo: chungu cha maua cha Mama. Akachagua na mahali pa kunolea kucha: mkono wa kochi la buluu.

Mama akasimama katikati ya sebule, mwiko mkononi, akatoa tamko.

"Mume wangu, nisikilize vizuri. Mdogo wangu anakuja Jumamosi, na kikapu chake cha kubebea kuku anacho. Huyu mtu wako asipojirekebisha, anaondoka naye, akakae stoo na panya."

"Si mtu wangu," akasema Baba.

"Afadhali. Basi hutalia."

Mkono wa Baba, uliokuwa ukimkuna Mheshimiwa nyuma ya sikio, ulisimama palepale.

Kulipokucha, jemadari akavaa koti, akanichukua mimi niwe jeshi lake lote, tukalivamia duka la vitu vya wanyama. Muuzaji, binti mwenye miwani, akamwamkia, akamwonyesha mchanga laini wa paka.

"Huu hauna harufu, mzee. Ukilowa unashikana, unachota donge unatupa. Paka wengi wanaupenda."

Baba akavuta pumzi kama mhutubu. "Binti! Nimeishi na mke wangu tangu hujazaliwa. Siwezi kuingia mlangoni pake na mchanga usionukia. Nipe ule wa maua!"

"Kwani ni mama ndiye atakayeutumia?"

Mla Misumari hakucheka. Tulirudi na ushindi unaonukia hadi ngazini. Mheshimiwa akalisogelea beseni tulilolijaza mchanga huo, akanusa, akapiga chafya, akalitazama kama abiria aliyefungua choo cha stendi, kisha akaenda zake kwenye chungu cha maua. Kesho yake jemadari alirudi dukani bila hotuba.

"Binti, ule usionukia bado upo?"

"Upo, mzee. Na ule wa maua?"

"Tumeuweka kwenye kabati la viatu. Unafanya kazi nzuri sana."

Mheshimiwa akakubali. Akachimba, akafukia, chungu cha Mama kikakombolewa. Lakini kochi lilikuwa bado linaliwa, na pale ndipo fundi wetu alipoonyesha ufundi wake wote, ole wetu.

Vifaa vya dukani vya paka kunolea kucha alivitikisa akavikataa. "Hiki kinayumba! Mimi ninunue useremala mbovu nikiwa hai?" Akaunda nguzo yake mwenyewe, ndefu kuliko Mheshimiwa akijinyoosha, yenye kitako kizito kiasi kwamba niliiegemea mimi na uvivu wangu wote isitikisike. Kisha akaivika nini? Vipande vilivyobaki vya mahameli ya buluu! Eti ifanane na kochi.

Mheshimiwa akaikwaruza nguzo, akaridhika na kitambaa, akageuka kwenye kochi, akakuta kitambaa kilekile, akaendelea.

"Hongera," akasema Mama. "Alikuwa anakwaruza kwa wizi. Umempa kibali."

Ijumaa Baba alilipindua kochi akague majeraha, misumari mdomoni, uso umemshuka. Chini ya kochi, kama wajuavyo mafundi na sasa mjue nanyi, hakuna mahameli, kuna gunia. Mheshimiwa akaja, akaliona gunia, akaacha kila kitu. Akalikumbatia, akalikwaruza huku amefumba macho.

Misumari ikamwagika sakafuni.

"Gunia! Anataka gunia! Miaka yote nafunika gunia watu wasilione, kumbe kuna mteja wake!"

Akaichuna nguzo, akaivika gunia lililokazwa kama ngoma. Mama akasema ikae nyuma ya mlango, inatia aibu. Baba, kwa mara ya kwanza katika historia ya nyumba yetu, akakataa: ikae ubavuni mwa kochi, pale Mheshimiwa anapoamkia.

Jumamosi Mama Mdogo akaingia na kikapu. Mheshimiwa akaamka. Akatembea hadi mkono wa kochi. Akasimama. Baba akafumba macho.

Krrr, krrr, krrr. Sauti kavu, ya gunia.

"Dada, nimchukue nisimchukue?" akauliza Mama Mdogo. "Teksi inaningoja."

Mama akamtazama paka, kisha akamtazama mumewe, ambaye alikuwa bado hajafumbua macho.

"Mwache. Huyu mzee akibaki peke yake mchana kutwa, ataanza kunikwaruza mimi."

Basi enyi waandishi wa historia, mnaohangaika na falme zilizoanguka, shikeni kalamu zenu! Andikeni kwamba Jumamosi ile, kabla ya chai, nguzo moja ya gunia ilisimama ghorofa ya nne, na mzee mmoja akajishughulisha kuokota misumari ambayo ilishaokotwa yote jana yake, ili mtu yeyote asione jinsi alivyofurahi.