Nilivyotaka Kumsajili Bibi

Leo nimejiaibisha. Sikusukumwa na mtu, sikuponzwa na shetani. Ni mdomo wangu mwenyewe.

Mnaonifahamu mnajua nasaga viungo vya chai na pilau nyumbani kwangu Kihonda. Mdalasini na pilipili manga natoa Kinole, mlimani kwa marehemu bibi yangu mzaa baba. Kwenye pakiti nimeandika "Viungo vya Bibi Mwazani" na picha yake nimeiweka, ile aliyonuna. (Mpiga picha alimwambia atabasamu, akanuna makusudi.)

Sasa wiki iliyopita mwenye supamaketi moja pale mjini kaonja chai, kakubali. Atanipa rafu nzima karibu na mlango, ila kabla ya mwezi kuisha nimpelekee karatasi za kampuni na za alama ya biashara. Rafu nzima, jamani! Nimetembeza viungo kwa ndoo miaka na miaka, jua langu, mvua yangu. Nikasema hii hata iweje siikosi.

Shida ni wakili. Ofisi za mawakili naziogopa. Nikishakaa tu kwenye kile kiti, nahisi mita inasoma. Kwa hiyo niliposikia kwamba kwenye harusi ya leo ya binamu yangu atakuwepo wakili, binti wa upande wa shangazi, aliyekulia Mwanza na karudi juzijuzi kuanza kazi Morogoro, nikavaa dera langu zuri, nikatia pakiti mbili kwenye mkoba. Wenzangu walifuata pilau. Mimi nilifuata ushauri wa bure.

Nikamkuta uani anapakua chakula. Kabinti kembamba, kana miwani, hata thelathini hakajafika. Nikamvuta nyuma ya turubai, nikamwita mdogo wangu, nikamshikisha na sahani yangu ili nipate kutoa pakiti mkobani.

Alinisikiliza vizuri, sisemi uongo. Akanieleza kwamba kusajili kampuni ni jambo moja na alama ya biashara ni jingine, maombi yake mbali, na kwamba kuwa na kampuni peke yake hakumzuii mtu kuiga pakiti yangu. Nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Kisha akaishika ile pakiti, akaitazama picha muda mrefu.

"Huyu mwenye jina na sura ameridhia?"

"Mdogo wangu, huyu keshakufa. Hawezi kumsumbua mtu."

"Na ukoo wake?"

Hapo ndipo ningenyamaza. Lakini nilishanogewa. Nikamwambia ukoo wa bibi wasimtie wasiwasi, ni wazee wa mlimani wale, wanajua migomba na vikao tu, ukiwapa karatasi ya alama ya biashara watafungia ndizi. Nikaongeza kwamba mambo haya nadhani aliyewahi kawahi. Akasema, "Sawa, endelea." Nami nikaendelea, tena na mikono juu.

Sasa niwaeleze kitu ambacho Waluguru wenzangu mmeshaanza kukishtukia. Kwetu ukoo unafuata mama. Mimi nimezaliwa na mtoto wa kiume wa bibi, kwa hiyo ukoo wake si wangu. Na jina la mzee kwetu halizikwi. Wakati ukifika ukoo unakaa, wanachagua mtu wa damu yao arithi jina, na tangu siku hiyo yeye ndiye yule marehemu. Watoto wa marehemu wanamwita mama, hata kama wanamzidi umri. Kikao cha jina la bibi kilikuwa mwaka jana na mimi sikwenda, nikatoa udhuru. (Nilikuwa Dodoma kwenye maonyesho, nauza viungo vya huyohuyo bibi.) Wala sikuuliza nani kalirithi.

Basi tukiwa pale nyuma ya turubai, akaja baba yangu mzazi na fimbo yake, mzee wa miaka sabini na kitu. Nikajiweka sawa nimwamkie. Akanipita. Akasimama mbele ya yule kabinti, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mama. Wanakusubiri mkekani."

"Marahaba mwanangu, nakuja. Naongea kidogo na mjukuu wangu hapa."

Sahani yangu bado alikuwa ameishika yeye. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikapiga magoti na dera langu zuri kwenye vumbi, nikasema shikamoo bibi. Mashangazi walishachungulia, mmoja na simu juu anarekodi. Na bibi yangu mpya akaamua kunimaliza kabisa, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wapishi.

"Marahaba. Na mume wangu hajambo? Mwambie mke mkubwa anamsalimia."

Mume wangu (wangu mimi!) alikuwa palepale kwenye foleni ya pilau. Akaitikia kwamba hajambo na amem-miss sana mke wake mkubwa. Ua mzima ukaangua kicheko, bwana harusi akasahaulika.

Nilicheka na mimi, lakini moyoni iliniuma. Yale yote niliyosema juu ya wale wazee, nilimwambia mama yao. Nikamwomba radhi kwa sauti ndogo. Hakukasirika. Alisema jina si lake wala si langu, ni la ukoo, na kwamba Jumamosi atawakusanya Kinole. Niende mwenyewe, nikae chini, niwaombe wazee hao wa migomba waweke saini. Wakikubali, maombi atayaandika yeye. Wakikataa, nibandue picha na jina, na ile rafu niisahau.

"Mwaka jana tuliambiwa mgongo unakusumbua," akasema. "Kwa sasa naona umepona."

Nikajibu nimepona kabisa. Akasema vizuri, basi masufuria ya harusi yako kule nyuma.

Kwa hiyo naandika haya mikono ikiwa na masizi mpaka kwenye viwiko, na mume wangu kapita mara mbili kuuliza kama mke mwenzangu kashakula. Naombeni msinicheke. Mniombee Jumamosi, maana rafu yangu nzima ya supamaketi iko mikononi mwa bibi wa miaka ishirini na saba.