Jirani Halisi wa Ghorofa ya Pili

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa hesabu kahama. Mlangoni kwake wametundika kisanduku cha funguo cha kubonyeza namba. Sasa nimebaki mpangaji peke yangu jengo zima. Vyumba vingine vyote ni vya wageni wa siku mbili tatu, wanaovikodi kwenye simu. Mama Mwenye Nyumba kaniambia kwa upole, mwanangu, mwisho wa mwezi na wewe uniachie chumba, sitaki tena wapangaji. Nikamuuliza, sasa watu wataishi wapi? Akasema, watu si ndio hawa wanaoingia kila siku? Jibu hilo lina kasoro mahali. Nimelitafakari mpaka chai ikapoa. Kasoro yenyewe sijaiona.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata mpango! Wageni wakikimbia, Mama Mwenye Nyumba atanibembeleza nibaki. Nitakuwa kero. Nimeanika mashuka ngazini yakichuruzika maji. Nimekaanga vitunguu mlango wazi. Nimemgombeza dada yangu kwa sauti ya juu, kwenye simu iliyozimwa. Mgeni mwenye kofia akatoka. Nikamkazia macho. Akaniomba kitunguu. Nikampa. Kwa nini nilimpa?

Ijumaa, 7 Machi
Yule wa kofia kaandika maoni mtandaoni. Nyota tano! Eti jengo lina uhai, lina jirani halisi anayepika mlango wazi. Mimi, halisi? Nimemaliza shahada ya falsafa bila kuweza kuthibitisha hilo. Nikaongeza ukali. Nikagonga kwa wageni wapya, bila hodi wala salamu, nikadai chumvi. Wakapiga picha na mimi. Na chumvi.

Jumapili, 16 Machi
Mama Mwenye Nyumba kapanda ngazi anahema, kanikumbatia. Vyumba vimejaa, anasema, na wote wanamuulizia jirani. Nimeshinda! Kisha akatoa futi kamba akaanza kupima dirisha langu. Pazia jipya. Nikamwambia, lakini Mama, si mimi ndiye wanayemfuata? Akasema ndiyo maana, mwanangu: chumba cha jirani ndicho wanachokigombania. Nikamshikia ncha ya futi kamba. Sielewi mkono wangu uko upande wa nani.

Jumamosi, 5 Aprili
Nipo kwa shangazi, mabasi mawili kutoka mjini. Nalala stoo, kati ya cherehani na ndoo. Shangazi kasema hiyo shahada niilete, kuna ndoo moja haina mfuniko.
Ila nina kazi! Mama Mwenye Nyumba kaniajiri niwe jirani. Kila jioni nakwenda, naanika mashuka, nakaanga vitunguu, nagombana na simu. Leo mgeni aliyekodi chumba changu kaniuliza naishi wapi. Nikanyoosha kidole kwenye mlango wake. Akacheka sana. Nikacheka pia, ingawa sikuwa nimetania.
Ngazini nikamkuta Mwalimu wa hesabu, gazeti mkononi. Naye kaajiriwa: mzee wa kulalamikia kelele. Kaniambia tangu ahame hajapata chumba cha kukaa, kila akiuliza anaambiwa ni cha wageni. Usiku analala ofisi ya walimu, juu ya madaftari. Nikamwambia dunia imeharibika. Tukakubaliana kabisa.

Jumapili, 6 Aprili
Shangazi kaenda kumwona binti yake aliyejifungua. Nyumba kimya. Nikaingia stoo, jua likaanguka juu ya cherehani, nikasimama. Mwanga ule! Nikapiga picha nne, nikaziweka mtandaoni. Chumba tulivu, cherehani ya kweli, shangazi halisi. Mimi nitalala jikoni. Shangazi nitamweleza akirudi, au atawakuta wageni wenyewe.
Kabla sijamaliza kufagia, ujumbe ukaingia. Mtu anakitaka kuanzia leo, mwaka mzima, hata kitanda si lazima. Nikatazama picha yake. Mwalimu wa hesabu.
Nikamjibu kwa upole kwamba hapa hatuchukui wapangaji, ni wageni wa siku mbili tatu tu. Akaniuliza, sasa watu wataishi wapi?
Nikamwambia, Mwalimu, watu si ndio hao watakaokuja?
Nimelisoma jibu langu mara mbili. Safari hii halina kasoro yoyote.