Kaimu Mlalaji

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mbao zote tatu za ofisi, na nakala ya nne nikaibandika kwenye mlango wa choo cha wageni, ili asitokee wa kusema hakuona. Lilisomeka hivi: "Watumishi wote, wadau wa maendeleo na wananchi kwa ujumla mnatangaziwa kwamba Mratibu Mkuu wa Ofisi ya Uratibu wa Vikao, Kanda ya Ufipa, Ndugu Wilibrodi, atarudi kliniki siku ya Alhamisi saa tatu kamili asubuhi. Kaulimbiu: Usingizi Bora, Kikao Bora."

Mwandishi wa tangazo hilo ni mimi, Anyelwisye, Katibu wa Ofisi, mtu wa Tukuyu niliyehamishiwa Sumbawanga miaka kumi na miwili iliyopita na kuiletea plato hii ya Ufipa utaratibu iliokuwa ikiukosa.

Najua wapo watakaouliza kwa nini mtu kurudi kwa daktari kuwe na kaulimbiu. Hao ni watu wasiojua kazi. Daktari alimwambia Mratibu Mkuu maneno machache tu: arudi baada ya miezi mitatu, aje na mashine. Raia wa kawaida angerudi. Ofisi hairudi tu, ofisi hujiandaa, na kwa hiyo iliundwa Kamati ya Maandalizi ya Kurudi Kliniki, mimi nikiwa mwenyekiti, katibu na mjumbe, na Sharon wa kompyuta akiwa mjumbe wa pili.

Sasa nieleze ugonjwa wenyewe. Ni wa kukatika pumzi usingizini. Mgonjwa anakoroma, ghafla ananyamaza kimya, hewa haiingii wala haitoki, kisha anashtuka na kuivuta kwa kishindo. Inatokea mara arobaini kwa saa na mwenyewe hana habari. Asubuhi anaamka amechoka kuliko alivyolala, na mchana kutwa usingizi unamdai. Dawa yake ni mashine ndogo inayosukuma hewa kwa mpira hadi kwenye barakoa ya puani. Ndani ina kadi inayoandika kila kitu: umelala saa ngapi, umekata pumzi mara ngapi. Hospitali ilikuwa na mashine mbili tu za kuazimisha. Moja alikuwa nayo mwalimu mmoja. Ya pili alipewa Mratibu Mkuu, kwa sharti moja: kadi ikionyesha hakuitumia angalau saa nne kila usiku, mashine itarudi na kupewa anayefuata kwenye orodha.

Anayefuata alikuwa Felisiani, dereva wetu.

Felisiani ni Mfipa wa hapa hapa mjini, mtaa wa Izia, ameendesha gari la ofisi miaka kumi na sita bila kukwaruza hata kuku. Mwaka jana alisinzia kwenye foleni ya mafuta, injini ikiwa imezimwa. Akapimwa, akakutwa na ugonjwa uleule, na daktari akaandika kwenye cheti: "Asiendeshe hadi atakapotibiwa." Mratibu Mkuu alilichukulia jambo hilo kwa uzito mkubwa. Aliniita siku hiyohiyo, akaniamuru niandike Waraka Namba Saba, nami nikaandika kwamba mtumishi yeyote mwenye ugonjwa wa usingizi usiotibiwa haruhusiwi kuendesha gari. Akaurudisha. Alisema waraka wa ngazi yake hauwezi kuishia kwenye gari. Akafuta neno "gari", akaandika mwenyewe kwa kalamu ya kijani neno "chochote", akaongeza kwamba mtumishi huyo atapelekwa langoni kuandikisha wageni hadi daktari aridhike. Nikagonga muhuri. Tangu siku ile Felisiani alikuwa langoni, mwezi wa nane sasa, na mtu akimuuliza hali anasema mikono imekosa kazi. Bila mashine, usukani ungebaki hadithi kwake.

Tatizo la Kamati lilijitokeza wiki ya pili, Sharon alipoikagua kadi. Ilikuwa tupu. Mratibu Mkuu alikuwa ameivaa barakoa usiku mmoja, akajitazama kwenye kioo, akaona amefanana na mtu anayepuliza dawa shambani, akaifungia kabatini ofisini. Nilipomfuata alinipa sababu ambayo sikuweza kuipinga: mtu wa cheo chake hafungwi chochote usoni. Wakati huohuo hakuwa tayari kunyang'anywa mashine, kwa kuwa kitu kikishaingia ofisini kwake huwa hakitoki.

Sharon alishauri mzee aambiwe ukweli na mashine irudishwe, Felisiani apewe. Ni msichana mzuri lakini bado mgeni serikalini. Nikamweleza kwamba nafasi yoyote ikiwa na mtu asiyeweza kuifanyia kazi, mtu huyo haondolewi, anateuliwa wa kukaimu. Nikakaa nikaandika barua, kumbukumbu namba nimeihifadhi: "Unateuliwa kukaimu nafasi ya Mlalaji katika mashine ya Mratibu Mkuu hadi utakapoelekezwa vinginevyo. Utatekeleza majukumu yote ya mlalaji." Sifa za mwombaji zilikuwa uzoefu wa kukata pumzi usingizini usiopungua miaka mitatu, maana kadi haidanganywi na mtu mwenye afya njema. Mwenye sifa alikuwa mmoja.

Felisiani aliisoma barua mara mbili pale langoni.

"Katibu," akasema, "nikilala vizuri mimi, atakayepona ni mzee?"

"Kwenye makaratasi, ndiyo," nikamjibu.

Akalifunga boksi la mashine kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli kwa mpira, akaondoka nalo kwenda Izia.

Utekelezaji ulikwenda vizuri kupita matarajio. Baada ya wiki tatu Kaimu Mlalaji alikuwa anasalimia wageni kwa majina yao, akapaka mafuta bawaba za lango, akapanda maua pembeni ya kibanda. Mkewe alinisimamisha sokoni kunishukuru, nikapokea shukrani kwa niaba ya Ofisi. Upande wa Mratibu Mkuu mambo yalibaki kama yalivyokuwa. Alifungua kikao cha kuzingatia muda kazini, akasema "Ndugu wajumbe," akalala. Wajumbe walimsubiri kwa heshima dakika arobaini, na kwenye muhtasari nikaandika kwamba Mwenyekiti alitafakari.

Siku tatu kabla ya kliniki tukafanya mazoezi. Sharon aliigiza daktari, Mratibu Mkuu akawa mgonjwa. Kwa swali la unajisikiaje ukiamka, jibu lililopitishwa lilikuwa "kwa kiwango cha kuridhisha". Kwa swali la unatumia mashine, jibu lilikuwa "mashine inatumika". Hilo la pili najivunia mpaka leo, maana halikuwa uongo. Mratibu Mkuu alilishika vizuri, ingawa kati ya swali la kwanza na la pili alisinzia na ikabidi tumwamshe kwa kugonga meza.

"Akisinzia mbele ya daktari ndiyo imekula kwetu, Katibu," Sharon aliniambia baadaye.

Nikamwambia Kamati imeshaliona hilo na imeagiza kahawa.

Alhamisi ikafika. Kwa kuwa dereva alikuwa langoni kwa mujibu wa waraka, gari niliendesha mimi, kwa gia moja na tahadhari kubwa. Mbele alikaa Mratibu Mkuu amevaa suti. Nyuma alikaa Felisiani amelipakata boksi la mashine kama mtoto aliyelala, kwani nilimwona anafaa kulibeba. Pembeni yake alikaa Mama Hellena, mke wa Mratibu Mkuu, na mkoba wake mapajani. Kamati haikumwalika. Daktari ndiye aliyemwita, akisema anataka kumsikia mtu anayelala chumba kimoja na mgonjwa. Hapa nakiri upungufu: katika kurasa kumi na nne za mpango kazi, mke hakutajwa popote.

Daktari Debora ni mama mfupi mwenye sauti ya chini. Alichomeka kadi kwenye kompyuta yake, akatazama, akavuta kiti karibu, akatazama tena. Alisema hajawahi kuona mgonjwa mwenye nidhamu hii. Wiki mbili za mwanzo hamna kitu, kisha karibu saa saba kila usiku bila kukosa. Pumzi iliyokuwa ikikatika mara arobaini na moja kwa saa sasa inakatika mara tatu. Akageuka ili ampe mkono wa pongezi.

Mratibu Mkuu alikuwa amelala. Kahawa alikuwa nayo mkononi.

Alikoroma, halafu akanyamaza. Daktari aliinua macho akatazama saa ya ukutani. Sote tulikuwa tunausikia ule ukimya. Nimehudhuria vikao vingi vya mzee na nimeuandika ukimya ule kwenye mihtasari mara nyingi, lakini kusema kweli sikuwahi kuusikiliza, na siku ile nilipousikiliza niliogopa. Mama Hellena alikuwa anahesabu midomo ikicheza. Alipofika ishirini alimpiga mumewe kiwiko cha mbavu, kwa ustadi wa mtu aliyezoea kazi, na hewa ikaingia kwa kishindo.

"Hivi ndivyo tunavyoishi, daktari," alisema. "Hiyo mashine niliiona usiku mmoja tu. Simjui aliyelala humo. Wa kwangu namhesabia mimi, kila siku, na ninaogopa siku nitakayopitiwa na usingizi nishindwe kuhesabu."

Nikaona heshima ya Ofisi inaporomoka, nami nikafanya ambacho katibu yeyote makini angefanya: nikafungua jalada nikamkabidhi daktari barua ya kukaimu, ili aone kwamba kila kitu kilifuata taratibu. Akaisoma. Akauliza Felisiani ni nani. Dereva akasimama, boksi mikononi.

"Ni mimi. Shikamoo daktari. Wasimnyang'anye mashine kwa ajili yangu, mzee anaumwa kweli. Ila nimelala, daktari. Nimelala mpaka nimeota."

Daktari Debora alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akaandika vyeti viwili. Kwa kuwa majukumu yote ya mlalaji yalitekelezwa na Felisiani, alisema, basi na kupona ni kwake, na mashine anaondoka nayo kwa jina lake. Cheti chake kikasema: "Anaruhusiwa kuendesha." Mratibu Mkuu akarudishwa kwenye orodha, na cheti chake kikasema: "Asiendeshe hadi atakapotibiwa."

Mzee alipoamka nikamsomea. Alicheka sana. "Mimi ninaendesha nini? Nina dereva," akasema, na kweli tukarudi ofisini Felisiani akiwa kwenye usukani, anapiga mluzi, mimi nimekaa nyuma na Mama Hellena.

Kicheko kiliisha kesho yake, masijala walipokuja na Waraka Namba Saba na swali dogo la kiutumishi. Mtumishi mwenye ugonjwa usiotibiwa haruhusiwi kuendesha chochote. Je, Mratibu Mkuu haendeshi vikao? Haendeshi Ofisi? Nilipekua kamusi nikitafuta kitenzi kingine, nikakuta mzee amebanwa. Tulimpelekea waraka wenyewe, na alipoiona ile kalamu ya kijani alinyamaza, safari hii akiwa macho. Jumatatu alianza kazi langoni.

Lazima niseme aliifanya kwa moyo. Wageni walijiandikisha wenyewe pale aliposinzia, na wengine walimmwagilia maua. Sharon alikaimu kuendesha vikao, vikawa vinaisha kwa dakika kumi na tano, jambo lililoleta malalamiko kwa kuwa chai ilikuwa bado haijachemka. Wiki ya tano yule mwalimu alihamishwa mkoa, akairudisha mashine ya pili. Langoni hakuna cheo cha kulinda, kwa hiyo mzee akaivaa barakoa. Mama Hellena alilala siku ya kwanza mpaka jua likawa kali, akaamka akilia, akamkuta mumewe ameshapika uji. Miezi mitatu baadaye Daktari Debora aliridhika na mzee akarudi kitini kwake, mwembamba kidogo, macho yamefunguka.

Safari yake ya kwanza aliitaka iwe Muze, kukagua Ofisi yetu Ndogo. Nilimshauri apumzike. Akakataa. Amekwenda huko mara kumi na moja, akasema, na taarifa zote zina sahihi yake.

Tukashuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa, Felisiani akikata kona moja baada ya nyingine bila haraka. Safari zilizopita mzee alikuwa akilala tangu tunatoka mjini. Safari hii alishusha kioo, akaliona bonde lote na ziwa kule mbali, akasema maskini, kumbe Muze kuna mpunga. Nikasema upo. Tulipofika sokoni Felisiani aliegesha mahali pake palepale pa siku zote, mbele ya mama muuza mchele, ambapo ukaguzi wetu huanzia na kuishia.

Mratibu Mkuu akateremka, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Katibu," akasema, "Ofisi yetu Ndogo ni jengo lipi? Taarifa yako ya mwisho ilisema paa limepakwa rangi."

Jengo hilo lilikuwa kwenye taarifa tu, na miaka kumi na miwili kazini sikuwa nimewahi kuulizwa na mtu aliye macho. Nikafanya lililonijia haraka. Nikaegemeza kichwa kwenye kiti, nikafumba macho, nikakoroma.

Kisha nikamsikia Felisiani, kwa upole wake wote.

"Mzee, Katibu naye anakoroma. Ule Waraka Namba Saba unasemaje?"

Taarifa hii nimeiandika kwenye daftari la wageni, kurasa za nyuma. Maua yanaendelea vizuri.