Salamu za Chef Isidore

Megafoni ilipita katika soko la mji wa Baraka juu ya pikipiki, ikatangaza kwamba kuanzia juma hilo habari za waandishi wa Fizi hazitatembea tena ovyo. Zitapita kwanza katika Huduma ya Uratibu wa Habari za Waandishi. Zitachunguzwa, zitapangwa katika daraja la habari njema, habari mbaya au habari isiyo na haraka, kisha zitapigwa muhuri na afisa asiyehusika nazo. Hatua hiyo, megafoni ilieleza, ni ushindi mkubwa wa fasihi.

Koko Pulchérie, bibi wa mji mzima, alikuwa anachagua ndagala, samaki wadogo wa ziwani. Aliposikia, aliona ni jambo la huruma. Miaka yote hiyo habari za waandishi alizibeba yeye peke yake. Kikundi cha waandishi hao kilikuwa kimetawanyika: wengine Misisi kwenye mashimo ya dhahabu, wengine Kilembwe, wengine juu Minembwe pamoja na ng'ombe wao. Kila aliyeteremka Baraka alipita kwake, akanywa chai, akaacha habari, naye Koko akazipeleka sokoni na kanisani. Kwamba Willy wa Misisi amemaliza hadithi ya mbuzi aliyeanguka shimoni, na mbuzi amepona. Kwamba Félicité wa Kilembwe amejifungua, kwa hiyo shairi lake lingojwe. Sasa wakubwa wameona amezeeka, wameamua kumsaidia mzigo. Nani mwingine angemfikiria hivyo?

Asubuhi iliyofuata akaenda kuomba muhuri wake wa kwanza. Huduma nzima ilikuwa mtu mmoja, Chef Isidore: mkurugenzi, mchunguzi na mtunza ufunguo. Alikuwa mtu mwema. Alifuta vumbi la kiti kwa leso yake mwenyewe.

"Ukae, Koko. Unatuletea habari gani?"

"Ya Concilie, Chef. Ule mama wa Burundi, wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda. Ameandika hadithi. Anataka kuisomea batu ba Baraka siku ya Mungu, mu salle, juu lundi camion inamurudisha kwabo."

"Jumapili ukumbini, na Jumatatu lori," Chef akaandika. "Hadithi inasema nini?"

"Inasema aksanti. Wakati alifika hapa mikono mitupu, mama moja alimupatia miti ya mihogo ya kupanda. Hata jina hakumuuliza. Concilie anamutafuta mpaka leo. Anasema, pengine akisoma mbele ya batu bengi, ule mama atakuwa mule."

Chef akashusha pumzi.

"Hii ni habari njema, Koko. Njema sana. Ndiyo maana itakawia. Ingekuwa mbaya, ningeiachilia leo leo."

"Lakini lundi anaenda."

"Habari itamufuata. Sisi hatutupake habari ya mutu. Tena salle yenyewe, siku ya Mungu, iko na mwandishi mwingine."

"Nani?"

Chef akatazama dari. "Mimi. Nazindua kitabu. Hotuba Zangu, sehemu ya kwanza."

"Ee! Pongezi, Chef! Acha nikimbie nikaambie batu!"

"Hapana!" Chef akasimama. "Haina cachet, haina muhuri! Mwandishi ni mimi, kwa hiyo nahusika. Inatakiwa afisa asiyehusika."

"Na ule afisa iko wapi?"

"Tumemuomba kutoka Bukavu." Akakaa tena, taratibu. "Sheria ni sheria, Koko. Mimi nikiiruka, nani ataifuata?"

Koko alimwonea huruma. Kuandika kitabu kizima kisha kukaa kimya! Alipofika mlangoni akageuka.

"Na salamu, Chef? Zile tunaletaka kanisani. Zinataka cachet?"

Chef akacheka. "Salamu haina kitu ndani. Leta salamu mpaka uchoke."

Siku ya Mungu, Koko na Concilie walipita mbele ya ukumbi wakienda ibadani. Concilie alikuwa amefunga karatasi zake ndani ya kitenge, mgongoni, kama mtoto. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na viti vya kukodi, safu kwa safu, na katikati yake Chef Isidore amevaa koti jeusi na tai nyeusi. Alikuwa anatazama mlango.

"Maskini," akasema Koko. "Hakuna hata wa kumupatia maji."

Kanisani, ulipofika wakati wa wageni na wajumbe kuleta salamu, Koko akasimama.

"Naleta salamu za Chef Isidore. Iko mu salle. Iko yeye peke yake. Amevaa nyeusi. Viti ni vingi, mulango uko wazi. Sababu sina ruhusa ya kuisema."

"Tunazipokea," kanisa likajibu, lakini kwa sauti ndogo. Bamama wakatazamana. Mtu aliyevaa nyeusi, katikati ya viti vya kukodi, na sababu haitajwi: Baraka nzima inajua maana yake, na inajua kwamba katika hali hiyo hakuna kuuliza maswali.

Ibada ilipokwisha, kila mmoja alipita kwanza nyumbani kwake. Kisha wakaja. Walikuja na kuni kichwani, na unga, na sombe ya majani ya mihogo, na masufuria makubwa ya kilio. Waliingia bila kelele, wakajaza viti, wakajaza kuta, wengine wakasimama nje madirishani.

Chef Isidore alipoona umati huo machozi yakamtoka.

"Pole, Chef," wakasema, walipoona machozi.

"Aksanti! Ndugu zangu, kitabu..."

"Usiseme kitu," Pasta Jérémie akamwambia, akimshika mabega. "Ulie kwanza."

Akamkalisha chini, kwenye mkeka. Chef akanyanyuka, akafungua Hotuba Zangu, akaanza: "Katika mfumo wa uratibu shirikishi..." Bamama wakatikisa vichwa.

"Maumivu yamemuchanganya," mmoja akanong'ona. Wakamwondolea kipaza sauti polepole, kwa heshima, wakampa bakuli la uji.

Kama ilivyo desturi, Pasta akauliza nani ana neno la kumtuliza mfiwa. Koko akamsukuma Concilie kwa kiwiko.

Concilie akasoma. Alisoma jinsi alivyofika na mvua, na mama aliyemkatia miti ya mihogo, akaifunga kwa kipande cha kitenge cha buluu alichopasua kwenye nguo yake mwenyewe, akaondoka kabla ya kushukuriwa.

Karibu na mlango, mwanamke mmoja akatua kuni zake. Alikuwa mama Espérance, mkulima.

"Na ile miti," akauliza, "ilishika?"

"Ilishika yote, mama," Concilie akasema, akaziacha karatasi, akamwendea. Hapo ukumbi ukalia kwelikweli. Hata Chef alilia, ingawa bado hatujui kwa ajili ya nini.

Lundi camion iliondoka. Concilie alikuwa juu yake na furushi la miti ya mihogo, na mama Espérance alitembea pembeni mpaka barabara ikamshinda.

Agizo la habari bado lipo. Chef Isidore bado yuko ofisini kwake, na mbele ya mlango kuna lundo la kuni. Kila apitaye anavua kofia: "Pole, Chef. Jikaze." Anafungua mdomo aseme kwamba hakuna aliyekufa, ni kitabu tu kimetoka. Kisha anakumbuka kwamba hiyo ni habari ya mwandishi, na afisa asiyehusika hajafika kutoka Bukavu.

"Aksanti," anajibu.

Koko Pulchérie humpelekea sombe. Anasema mtu asiachwe peke yake katika wakati kama huo.